Jicho la fundi linatoka wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Najifunza kuchonga milango hapa Lamu, fundi wangu ananiambia mkono ninao ila jicho sina, ati napenda nakshi simpo, zilizolingana kulia na kushoto. Hivi ladha ya macho ndo ubunifu wenyewe? Na inafundishika? – Mwanafunzi, Langoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Wataalamu washalihangaikia hilo, kule Marekani miaka ya 1950 mwanasaikolojia Frank Barron alikuwa anaonyesha watu michoro ya wino, wasanii wakaelekea kupenda ile iliyovurugika isiyolingana pande, wasiokuwa wasanii wakapenda ile nadhifu. Lakini usione umefeli, manake kupenda vurugu sio kubuni, na milango yetu yenyewe ina mfaa, ule mti wa katikati, na pande mbili zinazolingana, nani atasema hakuna ubunifu pale?

Halafu mwanasaikolojia mwingine, Robert Zajonc, mwaka 1968 akaonyesha kwamba kitu tukikiona mara kwa mara tunaanza kukipenda, yaani ladha yako sa hivi huenda kwa sehemu ni mazoea, kwa hiyo zoesha jicho na vingine. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji wakodolee kuta zenye madoa mpaka waone milima na vita ndani yake, na vichochoro vyetu kuta za namna hiyo si zimejaa? Simama mbele ya moja, chora unachokiona, karatasi haina hasara kama mbao.

Na huyo fundi mwombe akuonyeshe nakshi anayoipenda na akwambie kwanini, manake "jicho huna" tupu sio somo.