Radi Haikimbizwi kwa Kidole

Kisumu, usiku

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikizitazama picha ulizonitumia. Unauliza mbona radi zako zinatoka ama nyeusi tii ama nyeupe pe, kama dawa yake ni lenzi ya bei kubwa, na kama ukipanda mlima Menengai hapo Nakuru usiku utaipata vizuri zaidi.

Nianze na la mwisho, maana ndilo limeninyima usingizi. Usipande. Menengai kileleni ni mita 2,278, ukingo wake uko wazi, na wewe na stendi yako ya chuma ndio mtakuwa mmesimama juu kuliko kila kitu. Huku kwetu magharibi radi imeua watu shambani na njiani, unajua. Mlima uko kaskazini mwa mji, na dirisha la chumba chako linautazama. Kaa ndani. Zima taa, igusishe lenzi kwenye kioo, kisha izungushie leso ili mwanga wa chumba usijirudishe pichani. Menengai iwe chini ya picha, umeme uwe juu yake. Picha ninayoitaka mimi ni hiyo.

Na hata siku utakayokuwa nje, hesabu. Tangu umeme uwake hadi ngurumo isikike, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikiwa chini ya sekunde 30, kusanya vitu uingie, na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Sasa weusi. Wewe unauona umeme ndipo unabonyeza. Umechelewa, mwanangu, umeme umeshazima kabla kidole hakijashuka. Radi haikimbizwi, hungojewa mlango ukiwa wazi. Weka kamera kwenye stendi, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe 100, tundu la lenzi f/8, shata, kile kipazia cha kupitisha mwanga, ikae wazi sekunde 15, halafu piga mfululizo, moja ikifunga nyingine ifunguke. Nyingi zitakuwa giza tupu na utazifuta. Umeme ukipita shata ikiwa wazi, utajichora wenyewe.

Weupe nao unatokana na taa za mtaa wenu. Lishike hili, kwa sababu mimi lilinichukua muda mrefu kulielewa: ung'avu wa mstari wa radi unatawaliwa na tundu na ISO, si na sekunde. Mwako ni wa kufumba na kufumbua, kwa hiyo kuongeza muda hakuuongezei kitu. Muda unaongeza mwanga wa mji na wa mawingu. Basi anga likigeuka rangi ya chai ya maziwa, shuka hadi sekunde 6 au 8, mengine uyaache yalivyo.

Fokasi usiiachie kamera, gizani inatangatanga. Ielekeze kwenye taa ya mbali, ikishatulia zima fokasi ya kujiendesha, ubandike kipande cha selotepu kwenye pete ya lenzi. Nilijifunza hilo Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Nilikesha, nikarudi nyumbani na furaha, nilipozifungua kwenye kompyuta taa za mitumbwi ya omena zilikuwa kama mabonge ya pamba, zote, kuanzia ya kwanza. Niliumia sana asubuhi ile.

Lakini kinachonirudisha ziwani hata leo ni kulijua anga lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo hutoka ziwani kuja bara, na mawingu hujazana huko Nandi na Kericho kunakonyesha mvua ya mawe. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa upesi, maji hubaki na joto lake, pepo kutoka pande zote hukutana juu ya ziwa na kuuinua unyevu. Ndiyo maana usiku wa manane huona umeme ukiwaka mbali sana magharibi, kimya, bila ngurumo kunifikia. Anga la Nakuru lina desturi zake. Weka daftari mwezi mzima: saa ngapi, upande gani. Litakufaa kuliko lenzi.

Kuwapiga picha heroe, wale ndege wa waridi wa Ziwa Nakuru, ni kinyume kabisa cha radi. Ndege anaruka kwa mwanga wa jua, kwa hiyo shata iwe ya haraka, sehemu moja ya elfu ya sekunde, asubuhi na mapema. Usivunjike moyo ukiwakuta wachache. Maji ya Ziwa Nakuru yalipanda, magadi yakapungua nguvu, mwani wanaoula ukapungua, na wengi wakahamia Bogoria. Usiwasogelee hadi waruke kwa hofu ili upate picha.

Lenzi usinunue. Dada yako anakuja Jumamosi, nimempa stendi yangu ya zamani. Skrubu ya mguu mmoja hulegea, ikaze kwa sarafu kabla hujaweka kamera, na katikati uning'inize mfuko wa mawe, upepo wa mvua usiitikise.

Mama yako