Usiniambie "kwetu haipo"

Jumanne usiku nilipata ujumbe wa msomaji mmoja. "Dada, nina kinundu kwenye ziwa, hakiumi. Kwetu hakuna kansa, mama yangu ana miaka 71 na bado analima. Nikisubiri hadi Desemba tukivunja kikoba nipate hela ya vipimo, nitakuwa nimekosea?"

Nilimjibu saa ile ile kwamba asisubiri. Lakini maneno yake ni maneno yangu mwenyewe ya mwaka 2019, kwa hiyo nayajibu tena hapa.

Nilikuwa na miaka 41. Naoga, mkono umejaa povu, kidole kikakwama kwenye kitu kama punje ya kunde, ziwa la kushoto karibu na kwapa. Nikikisukuma hakisogei. Hakikuuma hata kidogo, na hapo ndipo nilipoponzeka, maana sisi tumelelewa tukijua ugonjwa ni maumivu.

Nikapiga hesabu zangu. Sinywi pombe. Watoto watatu nimewanyonyesha miaka miwili miwili. Kwetu haipo.

Kunyonyesha kunakinga kweli. Utafiti mkubwa wa mwaka 2002, uliokusanya takwimu za nchi 30, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 4.3. Kwa miaka yangu sita nilikuwa nimejipunguzia karibu robo. Robo tatu ilikuwa bado ipo pale pale! Nilisikia "inapunguza" nikaelewa "hutaugua". Na pombe nayo ni hivyo hivyo: kuiacha ni vizuri, unene baada ya hedhi kukoma nao unaongeza hatari, yote hayo kweli, lakini karibu nusu ya wanawake wanaopata saratani ya matiti hawana sababu yoyote inayojulikana zaidi ya kuwa wanawake na kupita miaka 40. Soma tena sentensi hiyo.

Nilikwenda zahanati ya jirani. Mhudumu akanibonyeza juu ya gauni, akasema ni tezi za maziwa, akanipa vidonge vya siku saba. Hakuniandikia hata altrasaundi. Bado nina kinyongo naye. Lakini jibu lile nililipokea kwa furaha, kwa sababu ndilo nililokuwa nalitafuta.

Kinundu kilipokua, mama mdogo akanionya nisikubali sindano wala kisu, kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. Nikamsikiliza. Wanangu, hilo si kweli. Kuchukuliwa kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe ndiyo njia pekee ya kujua kwa hakika una nini. Nilipoteza wiki nyingi kwa maneno ya mtu anayenipenda.

Jumla ikawa miezi saba. Shirika la Afya Duniani linataka mwanamke apate majibu ndani ya siku 60 tangu afike kituoni mara ya kwanza. Mimi zilipita 200. Kunde ilikuwa imekuwa ndimu, na ngozi juu yake imevutwa kama ganda la chungwa. Dripu, kisu, mionzi pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, hayo leo nayaruka.

Ninachotaka kukusimulia ni hiki. Daktari aliponiuliza kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuugua, nilisema hakuna, tena kwa sauti kubwa. Mwaka uliofuata nikaenda Muheza kumwona mama mkubwa. Alikuwa kakaa mkekani anachagua mchele. Akanitazama kifuani, akarudisha macho kwenye ungo.

"Bibi yako si alikufa kwa jipu la ziwa," akasema. "Lilitumbuka, likawa halikauki. Tulikuwa tunafukiza ubani wageni wasisikie harufu."

Jipu. Tangu utotoni nimesikia bibi alikufa kwa jipu, na sikuwahi kuuliza jipu gani linaua mtu kwa miaka miwili. Basi ile "kwetu haipo" yangu ilikuwa na maana moja tu: kwetu halisemwi.

Sisemi kwamba niliirithi kwa bibi. Saratani za matiti zinazotokana na jeni za kurithi ni asilimia 5 hadi 10 tu. Tangu Angelina Jolie, yule mwigizaji wa Marekani, aeleze mwaka 2013 kwamba ameondoa matiti yote kabla ya kuugua, wapo dada wanaoniuliza kama nao wakate mapema. Yule alipimwa akakutwa na kasoro kwenye jeni moja ya kurithi iitwayo BRCA1, na madaktari wake walimkadiria uwezekano wa asilimia 87. Uamuzi ule ulikuwa na kipimo nyuma yake. Wako usiwe na hofu peke yake, wala usiwe na matumaini peke yake kama wangu.

Jishike. Jishike kila mwezi hedhi ikiisha, ulijue ziwa lako lilivyo ili ujue likibadilika. Ukiona kinundu, chuchu kuingia ndani, kutoka damu, ngozi kukunjamana, nenda. Ukiambiwa ni maziwa na wewe hunyonyeshi, omba altrasaundi. Wakikataa, nenda kwingine. Waulize shangazi na mama wakubwa wangali hai, waulize kwa majina: nani alikufa kwa ziwa, alikuwa na miaka mingapi? Na usingoje mume akubali, usingoje kikoba. Kopa. Mimi ningekopa.

Jana msomaji wangu aliandika tena. Kapata tarehe, Jumatatu saa mbili asubuhi, hela kaazimwa na wifi yake. Kampigia pia mama yake kumuuliza habari za bibi. Mama alinyamaza kwanza, halafu akamwambia hilo watazungumza akifika nyumbani.