Uliza Tanti: "Mama anasema ule si mwanamke"

Tanti, jambo sana. Mi ni kijana wa miaka 32, naishi Katuba hapa Lubumbashi, natumika shofa wa kamyo, njia ya Likasi na Kolwezi. Niko na fiyanse wa miaka 27, tunajuana miaka mitatu sasa. Yeye ni mtu wa biznesi, kila juma anaenda Kasumbalesa, kule mpakani, kuleta unga na vitu vingine, anabishana na watu wa duane, anajua bei ya kila kitu, na pantalo ndiyo nguo yake ya kazi. Nampenda kabisa. Shida iko kwa mama. Siku nilimpeleka nyumbani alisalimia akisimama, hakupiga magoti, kiisha akaanza kuongea na wajomba mambo ya dola imepanda imeshuka, mama akaniita jikoni akaniambia mwanangu ule si mwanamke, ule ni mwanaume mwenzako, mtakuwa madume wawili mu nyumba moja. Sasa mashangazi wananitafutia mutoto wa Kasenga, eti anajua kutii na kupika. Na kwa ukweli Tanti, kuna siku hata mi nasikia haya, kama ile siku alilipa restora mbele ya marafiki yangu, wote wakanyamaza. Tunakaribia kupeleka doti, yaani mahari. Nisikie nani?
*Shofa wa Katuba*

Tanti anajibu:

Mwanangu Shofa, barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniandikia anavyovaa, anavyosalimia, alivyosema mama, walivyonyamaza marafiki, lakini wewe unataka nini ukirudi nyumbani usiku umechoka na vumbi la Kolwezi, hapo umeweka maneno mawili tu, "nampenda kabisa", na papo hapo umeruka kwa mama. Tutarudi hapo.

Kwanza nikuambie hiyo sura ya mwanamke iliyo kichwani mwa mama yako inatoka wapi, maana hata mi nimelelewa nayo. Sisi wa Lubumbashi wengi tumetoka kampi, zile nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Union Minière, ile kampuni ya madini iliyoanzishwa 1906, ilikuwa mwanzoni inachukua wanaume peke yao, wanatumika miezi kadhaa wanarudi kwao, wengine wanafia huku kwa magonjwa, hadi miaka ya 1920 wakubwa wakaona afadhali mtu akae na bibi na watoto, mwenye famiya hatoroki. Basi mwanaume akapewa nyumba, posho ikapimwa kufuata watu wa nyumbani, bibi akaandikwa chini ya jina la bwana, na wamama wakafundishwa kushona, kupiga pasi, kupanga meza. Mwanamke mzuri akawa yule anayengoja bwana atoke kazi, nyumba safi, bukari (ugali) moto, mdomo kimya. Mama zetu walikulia hapo na sitawalaumu hata kidogo, kulikuwa na utulivu wake, posho inaingia, shule iko, hospitali iko, kwa nini mtu asiipende ile maisha?

Lakini ile maisha ilikuwa inasimama juu ya mshahara wa mwanaume, na mshahara ulianguka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka 1990, Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière, ikaenda ikishuka, na 2003 mpaka 2004 wafanyakazi zaidi ya elfu 10 wakaondoka kwa ule mpango walioita kuondoka kwa hiari. Sasa nani alilisha huu mji? Muulize mama yako mwenyewe, umuulize kwa upole na si kwa kutaka kumshinda, miaka ile nani aliweka kameza, meza ndogo ya kuuzia, mbele ya mlango na chumvi na sukari ya kupima, nani alilima kule nje ya mji, nani alikaa juu ya magunia ndani ya lori la Kasumbalesa. Kwetu mama alikuwa anauza vitumbula, baba amekaa ndani anaangalia ukuta, na watoto sita tulisoma juu ya vile vitumbula. Sikusikia hata mtu mmoja akisema mama amegeuka mwanaume. Walisema "ule mama ni mwanamke kweli". Kwa hiyo hata kwa mama yako naamini kuna picha mbili ndani ya kichwa kimoja, ile ya kampi na ile ya njaa, na anakuonyesha ya kwanza kwa sababu ya pili inamuumiza.

Na kabla ya kampi je? Hao mashangazi wanaokutafutia mutoto wa Kasenga, wamekuambia kwamba kule Kasenga, upande wa Luapula, ukoo unafuata mama? Kwa Babemba na jirani zao mtoto ni wa upande wa mama, mjomba ndiye mwenye neno, na zamani kijana akitaka kuoa alikuwa anahamia kwa wakwe analima na kujenga huko kwanza, miaka, wanamuangalia tabia, ndiyo baadaye anaruhusiwa kumchukua bibi yake. Kwa hiyo ukidhani unaenda kuchukua mtu wa kutii tu, jiandae kukutana na wajomba. Na Balunda wanahadithia mpaka leo juu ya Ruwej, mwanamke aliyerithi lukano, ile bangili ya utawala, na ni yeye aliyempa mume wake mwindaji aliyetoka kwa Baluba. Hakuna mahali wanasema alikosa uanamke.

Jambo la pantalo nalipita haraka. Rais Mobutu alipoleta authenticité, ile siasa ya kurudi kwa mila zetu, kuanzia 1971, wanaume walivalishwa abakosti, koti bila tai, na wanawake wakaambiwa kikwembe, pantalo ikakatazwa, na mama yako kama ana umri ninaoufikiria alikuwa msichana wakati huo, alikatazwa akiwa mdogo na katazo likageuka kuwa mila. Na kikwembe chenyewe tunachokipenda, mi ninacho kabati nzima, ile waksi asili yake ni Uholanzi, kiwanda cha Vlisco kiko pale Helmond tangu 1846, walikuwa wanaiga vitambaa vya Java. Kivae kwa furaha, ila kisiwe mizani ya kupimia nani ni mwanamke.

Kwa kupiga magoti hapo niko upande wa mama yako. Mzee ni mzee. Fiyanse wako anaweza kuinama kidogo, kutoa mikono miwili, haimpunguzii kitu, na wewe ndiye ulipaswa kumwambia kabla hamjafika mlangoni kwamba kwetu tunasalimia hivi. Ulimpeleka bila kumwandaa, kiisha unaandika alivyokosea.

Sasa ile haya ya restora. Hapa ndipo nataka ukae na mimi. Haya ile si ya mama, ni yako. Mwanaume aliyefundishwa kwamba thamani yake ni kulipa, siku mtu mwingine akilipa anasikia kama amevuliwa nguo, na ni kitu cha kweli, kinauma, sikatai. Lakini jiulize, akilipa yeye mkiwa wawili tu bila marafiki, unasikia vibaya pia? Kama hapana, basi shida yako ni macho ya watu, na macho ya watu hayatalala na wewe, hayatakulipia mtoto shule wakati kamyo imeharibika miezi miwili. Kama ndiyo, yaani hata mkiwa wawili inakuuma, basi mwambie sasa, mwambie waziwazi, kabla ya doti, kwamba "mi nasikia hivi". Labda mtapatana njia, labda atakuambia hawezi kujificha maisha yake yote, na akikuambia hivyo atakuwa amekusaidia.

Mengine ya kuongea, na muongee mkiwa mmeshiba, si kwa simu: yeye akiwa Kasumbalesa na wewe Kolwezi, mtoto anabaki na nani? Faida ya biznesi yake ni ya nani? Nani anapika siku gani, maana hujaniandikia kama wewe unajua hata kuwasha mbabula, lile jiko la makaa. Mama yako akizeeka atakaa wapi? Hilo la mwisho, mwanangu, ndilo naamini mama anauliza kwa kweli. Anaposema ule si mwanamke anasema "nani ataniogesha nikishindwa kuinuka". Mkamjibu hilo kwanza, nyinyi wawili pamoja, utaona pantalo inasahauliwa.

Na usidanganywe na wale watakaokuambia sheria iko upande wako wewe mwanaume. Sheria ya familia ya kwetu Congo ya 1987 ilikuwa inasema bibi aliyeolewa apate ruhusa ya bwana kabla ya kununua, kuuza, kuweka sahihi kwa mkataba, hata kwenda mahakamani. Ile ruhusa iliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016, sasa ni kupatana. Maneno ya kwamba mume ndiye mkuu wa nyumba bado yamo, ndiyo, lakini ukifikiri utaoa mwanamke wa biznesi kiisha ukamfungia biznesi kwa karatasi, haitawezekana, na doti haibadilishi hilo. Doti inatakiwa na sheria, lazima itolewe hata sehemu yake ndipo ndoa iandikwe, lakini hainunui mtu.

Ukiniuliza nisikie nani, nitakuambia sikia mama kwa habari ya salamu na uzee wake. Kwa habari ya nani utalala naye miaka 40, sikia yule shofa ambaye anaona mbali usiku barabarani bila kuulizia marafiki.

Tanti habari. Niko na miaka 29, Kampemba, natumika enginyeri kwa kampuni moja ya madini. Wanaume wananikaribia, tukiongea kazi wanatoroka. Mmoja aliniambia "wewe hauna ulaini". Mama mmoja wa kanisa amenishauri nipunguze sauti, nijifanye sijui vitu, hata mshahara nifiche, eti mwanaume akishaoa atazoea. Nifanye hivyo? Nataka sana kuolewa na sitaki kudanganya.
*Enginyeri*

Tanti anajibu:

Usifanye, mwanangu. Utajificha miezi sita ya uchumba, mwaka mmoja wa ndoa, halafu siku moja mtoto ana homa, baba hana franga, utaitoa ile kadi ya benki uliyoficha na yeye ataona ameoa mtu asiyemjua, na hasira yake siku hiyo itakuwa na haki. Nimeona nyumba zikivunjika juu ya uongo wa namna hiyo kuliko juu ya mshahara wenyewe.

Ila na mi nikuulize, kwa upendo. Ulaini wanaoutafuta, wengine wanataka mtu wa kuwaogopa, hao waache waende, lakini wengine wanataka tu kuulizwa "siku yako ilikuwaje" na mtu asiyewapa jibu la shimo la madini. Unatoka kazini ambako ni lazima uwe mkali la sivyo hawakusikii, unaingia restora na ukali ule ule kwa sababu haujapumua njiani. Ulaini si wa wanawake peke yao, na wanaume wetu wangefundishwa huo tangu utoto tungepona mengi, lakini wewe pia unauhitaji, kwa ajili yako mwenyewe.

Na orodha yako umeipima? Wasichana wengi wenye kazi nzuri wananiambia wanataka bwana anayepata zaidi yao, aliyesoma zaidi, mrefu, na wakati huo huo asijione mkuu. Wako, siwezi kusema hawapo, ila ni wachache, na unawapita kila siku walimu, mafundi, wauguzi wenye roho nzuri ambao hawakuogopi hata kidogo ila wewe hujawaona kama wanaume. Hapo sikulazimishi. Kama unamtaka anayepata zaidi, mtake, lakini ujue ni wewe umechagua hivyo, na usijilaumu kwamba una sauti kubwa.

Tanti nisaidie haraka, muchumba wangu anataka nikuwe mweupe ananiletea mafuta ya chupa haina jina anasema mwanamke ni rangi, nimejipaka miezi 4 sasa ku mashavu kunachoma na kumetoka madoa meusi, nikiacha naogopa ataniacha. Niko na miaka 22.
*Wa komini ya Kenya, Lubumbashi, karibu na soko*

Tanti anajibu:

Mtoto wangu, acha leo kupaka usoni. Ndani ya mafuta kama hayo mara nyingi mnakuwa idrokinoni, kortizoni kali au zebaki. Ukipaka idrokinoni muda mrefu inaweza kuleta madoa meusi yanayokaa ndani ya ngozi na kuyatoa ni kazi ngumu sana, kortizoni inafanya ngozi kuwa nyembamba hadi kidonda kikose kupona vizuri, hata cha kuzaa kwa operesheni, na zebaki inaharibu figo na inamfikia mtoto tumboni. Nenda kwa daktari wa ngozi na ile chupa mkononi, umwambie miezi 4 na ni sehemu gani za mwili, maana kama kuna kortizoni yeye ndiye atakuonyesha namna ya kuacha bila ngozi kuwaka. Jua la saa sita ulikimbie, vaa kofia au kitambaa. Na kama una mimba au unadhania unayo, mwambie daktari hilo kabla ya yote.

Huyo kijana alikukuta na rangi yako akakufuata na rangi yako. Akija tena na chupa, muulize kama yuko tayari kujipaka yeye usoni mwake, muda ule ule, halafu uniandikie alijibu nini.