Kabla ya Kusoma Kuhusu Chipu za Analogi, Unda Neva Moja kwa Mkono

Nakutana na vijana wengi hapa Nairobi wanaoandika programu za mitandao ya neva (programu zinazojifunza kwa kuiga ubongo) lakini hawajawahi kushika rezista, kile kipande kidogo kinachozuia mkondo wa umeme. Wakiniuliza waanzie wapi kuelewa kompyuta za analogi, zinazofanya hesabu kwa volti zenyewe badala ya namba, nawaambia washuke Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki: opampu (chipu ndogo ya kukuza volti) moja ya LM358, rezista chache, betri mbili za volti 9 na ubao wa majaribio. Multimita azima kama huna. Kwangu mimi mambo yalifunguka nilipopima mwenyewe.

Kazi kubwa ya neva bandia ni kuzidisha na kujumlisha: kila ingizo huzidishwa kwa namba yake, iitwayo uzito, kisha majibu hujumlishwa. Kompyuta ya kawaida hubeba kila uzito kutoka kwenye kumbukumbu hadi kwenye prosesa, na safari hiyo hula umeme mwingi kuliko hesabu yenyewe. Katika analogi uzito haubebwi popote. Uzito ni rezista. Sheria ya Ohm (mkondo ni volti kugawa kwa ukinzani wa rezista) inazidisha, ya Kirchhoff (mikondo inayokutana mahali pamoja hujumlishwa) inajumlisha.

Jaribu hivi. Pitisha volti 1 kwenye rezista ya kilo-omu 10, na volti 2 kwenye kilo-omu 20 (unganisha mbili za 10 kwa mfululizo). Kila njia inatoa miliampia 0.1. Zikutanishe kwenye mguu hasi wa opampu. Mguu chanya uende pale betri mbili zinapoungana. Weka rezista ya kilo-omu 10 kutoka mguu wa kutokea kurudi kwenye mguu hasi. Utasoma karibu volti 2, upande wa hasi. LM358 ina opampu mbili ndani, kwa hiyo ile ya pili itumie kugeuza alama, kutoka hasi kuwa chanya.

Nimesema "karibu" kwa makusudi. Rezista yenye mstari wa dhahabu inaweza kupotoka kwa asilimia 5, na waya mrefu hudaka mvumo wa hezi 50 wa umeme wa nyumba. Ndiyo sababu nasisitiza betri badala ya chaja ya simu. Usikimbilie kurekebisha; andika kila kipimo, kwa sababu tatizo hilihili ndilo linalowasumbua wahandisi wa chipu hadi leo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mark I Perceptron, mashine ya mwanzo ya neva bandia ya Frank Rosenblatt, kule Marekani, ilikuwa na seli 400 za kuhisi mwanga, na uzito wake ulikuwa potenshometa (rezista za kurekebishwa kwa kuzungushwa) zilizozungushwa na mota. Mwaka 1989 Intel ilitoa ETANN, chipu ya analogi yenye neva 64. Usahihi haukutosha, na kugeuza volti kuwa namba kila hatua kunaweza kumeza umeme uliookolewa. Ukisoma tangazo la chipu mpya, tafuta kwanza kama umeme wa ugeuzaji huo umehesabiwa.

Ukishamaliza, rudi kwenye Python. Chukua mtandao uliokwisha kuufunza, upotoshe kila uzito kwa bahati nasibu hadi asilimia 5, kisha upime usahihi upya. Ukiporomoka, ufunze tena huku upotoshaji huo ukiwemo tangu mwanzo, ulinganishe matokeo.