Maswali ya Wasomaji: Je, wakulima wa milimani walikuwa Warumi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila nisomapo habari za utawala wa Warumi nakutana na miji, barabara zilizonyooka na mabafu ya maji moto. Wale waliolima na kufuga milimani, mbali na hayo yote, nao walikuwa Warumi, au walitawaliwa tu huku wakibaki kama walivyokuwa? — Msomaji, Iringa.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa mujibu wa sheria walikuja kuwa Warumi, ila nyumba zao ni kama hazikupata habari hiyo. Dola la Roma lilikuwa kubwa mno kwa jibu moja, kwa hiyo tupande mlima mmoja tu.

Tre'r Ceiri, makazi ya kale, ipo juu ya kimojawapo cha vilele vya mlima Yr Eifl, katika rasi ya Llŷn, kaskazini-magharibi mwa Wales, zaidi ya mita 450 kutoka usawa wa bahari. Jina hilo la Kiwelshi hufasiriwa kuwa Mji wa Majitu, na aliyelitunga hawezi kulaumiwa, kwani ukuta unaozunguka makazi hayo, uliojengwa kwa mawe yaliyopangwa bila chokaa, mpaka leo umesimama kwa kimo cha mita 4 katika baadhi ya sehemu. Ndani yake yamo mabaki ya nyumba zipatazo 150, nyingi zikiwa za mviringo, yaani zile ambazo sisi tungeziita misonge, isipokuwa kuta zake ni za mawe.

Mtu angedhani kwamba boma la namna hiyo lilihamwa mara tu majeshi ya Roma yalipofika. Haikuwa hivyo. Gavana Agricola aliliteka eneo hilo mnamo mwaka 77 au 78 BK, na ngome ya Segontium, ambako leo ni mji wa Caernarfon, ikajengwa wakati huohuo, kilomita zipatazo 20 kutoka hapo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya vitu vilivyochimbuliwa Tre'r Ceiri ni vya karne ya 2 hadi ya 4, yaani vya wakati ambapo bendera ya Roma ilikuwa imekwisha kupepea kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu sababu si ngumu kuiona: askari wa ngomeni walihitaji nafaka, nyama na ngozi, na mtawala anayetaka kodi hana haja ya kumfukuza anayeilipa.

Kodi hiyo ndiyo iliyomfikia mkulima kabla ya bafu au sanamu yoyote. Mwanahistoria Tacitus, aliyemwoa binti wa Agricola, anaeleza jinsi Waingereza wa kale walivyodhihakiwa: walikalishwa nje ya maghala yaliyofungwa, wakalazimika kununua nafaka kwa bei ya kuwaumiza ili watimize kiasi walichodaiwa, na wengine wakaamriwa kupeleka mzigo wao kwenye kambi za mbali, zisizo na njia, ilhali kambi nyingine ilikuwa jirani. Anasema mkwewe aliukomesha mchezo huo. Tumwamini kwa kiasi, maana anamsifu mzee wake, lakini hila yenyewe inajulikana kwa yeyote aliyewahi kupeleka mazao kwenye kituo cha ununuzi akaambiwa leo hawapokei.

Mabadiliko mengine yaliingia kwa mlango wa jikoni. Watu wa sehemu hizo hawakuwa na desturi kubwa ya kutumia vyombo vya udongo kabla ya Warumi, kwa hiyo kila kigae kinachookotwa katika msonge wa mlimani kinaonyesha kwamba mtu aliteremka na kitu cha kuuza, labda ngozi au mnyama, akarudi na chungu kilichofinyangwa mbali. Alilima shayiri na ngano mashambani, akasaga kwa mawe ya kusagia kama mababu zake.

Kisha, mwaka 212, Kaisari Caracalla akatoa amri iliyowapa uraia wa Roma karibu watu wote huru wa dola lake. Siku hiyo mchungaji wa Yr Eifl, kama hakuwa mtumwa, alilingana kisheria na mzaliwa wa Roma kwa uraia, na jioni akaingia kulala katika nyumba ileile ya mviringo.

Je, umbo la nyumba halikubadilika kabisa? Lilibadilika polepole, na si kila mahali. Katika kisiwa cha Anglesey, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Menai, yapo makazi ya wakulima yaitwayo Din Lligwy, ambayo magofu yake yanayoonekana ni ya karne ya 4. Humo, ndani ya ua mmoja wa mawe, nyumba za mviringo zimesimama kando ya majengo ya pembe nne, na baadhi ya hayo ya pembe nne ndiyo yaliyokuwa na tanuri za kuyeyushia chuma.