Kabla hujaja kufundisha Nunavut

Tangu nianze kazi ya mwalimu msaidizi wa chekechea hapa Iqaluit, mji mkuu wa eneo la Nunavut, ndugu na marafiki wa Mombasa na Nairobi hawaishi kuniuliza kuhusu ajira za ualimu kaskazini ya Kanada. Kazi zipo, maana walimu wengi hutoka nje na hawakai sana. Lakini lipo jambo ambalo hutalikuta kwenye mkataba: utakabidhiwa watoto wadogo wa Wainuit, wenyeji wa asili wa huku, ambao uhai wa lugha yao, Inuktitut, utategemea pia namna utakavyokaa nao.

Anza na nyusi. Mtoto wa Kiinuit akikubali, mara nyingi huinua nyusi tu, na akikataa hukunja pua. Mgeni haoni kichwa kikitikiswa wala hasikii jibu, basi hurudia swali kwa Kiingereza kwa sauti ya juu, kisha hujijibu mwenyewe. Kumbe mtoto alishajibu. Akitendewa hivyo kutwa nzima, atajua kwamba shuleni husikika Kiingereza peke yake. Kwa hiyo mtazame usoni na usubiri. Watoto hawa hulelewa kutazama kwanza, kusema baadaye, na wewe ukinyamaza kidogo ndipo neno la kwao hupata nafasi ya kutoka.

La pili, na kwangu ndilo kubwa: tafuta kazi ya mikono na mzee wa kuiongoza. Siku tuliyoletewa sili, mnyama wa baharini, na wawindaji, tulitandaza maboksi sakafuni, bibi mmoja akapiga magoti na ulu yake, kisu cha kina mama chenye makali ya nusu duara. Hakufundisha msamiati. Alichana ngozi, akatenga mafuta, akataja kila kiungo alipokifikia, akamwagiza huyu ashike hapa na yule asogeze bakuli. Mtoto mmoja, ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza Inuktitut darasani, alimjibu kwa sentensi nzima kwa sababu alitaka kipande cha ini. Picha ya sili ilikuwa ukutani muda wote huo, jina limeandikwa chini yake, na haikumtoa neno hata moja.

Si lazima awe sili. Kukanda unga wa mkate, kushona ngozi, michezo ya uzi vidoleni, vyote vinafaa, mradi mzee aongoze tangu mwanzo hadi mwisho. Nakuomba sana: usimtafsirie. Watoto wakishajua kwamba bibi akimaliza utafuata wewe na Kiingereza, wataacha kumsikiliza bibi na kukungoja wewe. Na mheshimu kwa vitendo: kiti cha kuegemea, chai, usafiri wa kumrudisha nyumbani, na malipo yake yasicheleweshwe.

Kuhusu kusoma, sisi tuliolelewa kwa pa, pe, pi, po, pu tutajiona nyumbani. Mwandiko wa silabi unaotumika sehemu kubwa ya Nunavut huonyesha konsonanti kwa umbo na irabu kwa upande umbo linakoelekea: ᐱ ni pi, ᐳ ni pu, ᐸ ni pa. Kata umbo hilo kwenye kadibodi, mpe mtoto aligeuzegeuze huku akilitamka. Ila ukipangiwa magharibi, Kugluktuk au Cambridge Bay, wao husema Inuinnaqtun na huandika kwa herufi za Kilatini. Uliza kabla hujabeba vifaa.

Sheria usiitegemee ikufanyie kazi. Ile ya mwaka 2008 ya kulinda lugha ya Wainuit iliahidi elimu kwa lugha hiyo katika madarasa yote ifikapo 2019. Walimu wanaoijua hawakutosha, na mwaka 2020 bunge la Nunavut likasogeza lengo hadi 2039. Shirika linalowakilisha Wainuit wa Nunavut, NTI, lilikwenda mahakamani mwaka uliofuata, na mimi nawaelewa: mtoto aliyeanza chekechea 2020 atakuwa mtu mzima kabla ahadi haijatimia. Kwa sasa wengi hupata Inuktitut miaka ya mwanzo, kisha Kiingereza hushika usukani, mara nyingi kuanzia darasa la nne.

Wazazi nao wahitaji upole wako. Vizazi vilivyotangulia vilipelekwa shule za bweni ambako watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha yao, na waliosoma Kenya wakavishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani wanajua aibu hiyo inavyokaa mwilini. Baadhi ya wazazi wanaelewa Inuktitut lakini wanaogopa kuizungumza wasije wakachekwa kwa makosa. Waalike siku ya kukanda unga, wape kazi, usiwatake wazungumze. Wakianza wenyewe, hata kwa kuchanganya, asiwepo wa kuwasahihisha mbele ya watoto.

Na ukipewa darasa la nne au la tano, tafadhali usiseme chekechea si yako. Wewe ndiye unayewapokea pale lugha inapokatikia. Muulize mwalimu wa darasa la tatu ni mzee gani watoto wamemzoea, kisha umwombe mzee huyo aendelee kuja kwako.