Wiki za Mwisho za Majira ya Joto: Anza na Yasiyoweza Kungoja

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiyaanza majira ya joto ya huku kaskazini mwa dunia kwa kubandika orodha kwenye mlango wa friji. Mwaka mmoja orodha hiyo ilikuwa na mambo 11, na ilipofika katikati ya Agosti tulikuwa tumetimiza mawili tu. Niliamua kuyabana yote tisa yaliyobaki ndani ya siku 14, na matokeo yake tulishinda barabarani. Siku moja tulikwama kwenye foleni ya magari tangu asubuhi, watoto wakagombana njia nzima, na tulipolifikia ziwa jua lilikuwa linazama. Binti yangu alirusha vijiwe vichache vikarukaruka juu ya maji, kisha tukageuza gari.

Usiku ule nilijiuliza swali ambalo nalitumia hadi leo: ni lipi kati ya haya halitawezekana mwezi ujao? Makumbusho hayahami, na kutembea msituni kunapendeza hata majani yanapopukutika. Kuogelea nje na kukaa uwanjani jioni bila sweta ndiko kusikongoja. Tukabakiza mambo mawili, mengine tukayaacha yalivyo.

Kuogelea kuna jambo ambalo wengi hawalitilii maanani. Maji hupata joto polepole kuliko hewa na hulipoteza polepole vilevile, kwa hiyo bahari na maziwa ya kaskazini mwa dunia mara nyingi huwa na joto zaidi mwishoni mwa Agosti kuliko mwezi Juni, ingawa upepo umeshaanza kupoa. Anayeiona asubuhi yenye ubaridi akadhani msimu wa kuogelea umekwisha anajinyima siku nzuri kuliko zote. Beba taulo la ziada, kwa maana baridi humkuta mtu anapotoka majini.

Mwanga nao una hesabu yake. Baada ya siku ndefu kuliko zote, ambayo huwa tarehe 20 au 21 Juni, mchana huanza kupungua kidogo kidogo kiasi kwamba hakuna anayehisi. Kasi huongezeka kadiri tunavyokaribia tarehe 22 au 23 Septemba, mchana na usiku vinapokaribia kulingana. Kwenye latitudo ya digrii 50 hivi kaskazini mwa ikweta, mwishoni mwa Agosti mchana hufupika kwa zaidi ya dakika 3 kila siku. Ndiyo maana nashauri jioni za katikati ya wiki zisipotee zikingojea Jumamosi: saa mbili ya usiku ambayo bado ina jua (jina lenyewe lanichekesha) haitakuwapo tena baada ya wiki tatu. Sisi hula mapema, tukaacha vyombo kwenye sinki na kutoka. Vyombo, kwa uzoefu wangu, havijawahi kutoroka.

Kuhusu maandalizi ya shule, sare na madaftari humalizwa kwa siku moja, na sioni sababu ya kuyazungumzia mwezi mzima. Usingizi ndio unaohitaji muda. Mtoto aliyezoea kuamka saa nne asubuhi hawezi kuamriwa alale mapema akalala, bali huanza kwa kuamshwa mapema, dakika 15 kila baada ya siku mbili au tatu, na kutolewa nje kwenye mwanga mara anapoamka, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaoisogeza mbele saa ya mwili, usingizi ukaja mapema. Nilipojaribu kuibadilisha ratiba yote kwa usiku mmoja, nyumba nzima ilikesha.

Orodha ile bado iko mlangoni mwa friji, na mambo yake tisa hayajafutwa. Nilitaka kuichana, lakini binti yangu alikataa, kwani nyuma yake ameandika jiwe lake liliruka mara ngapi juu ya maji.